Mbwa wangu anakula vitu vya ajabu: maswali tunayoulizwa dukani

Nina duka dogo la dawa za mifugo hapa Morogoro. Wateja wangu wengi ni wa kuku: chanjo ya kideri, vitamini, dawa ya mafua, wanaondoka. Akiingia mwenye mbwa, najua atakaa. Atanunua dawa ya minyoo, atalipa, atapiga hatua mbili kuelekea mlangoni, kisha atageuka: "Hivi, na hili nalo ni kawaida?" Majibu haya nimeyarudia mpaka mke wangu anaweza kuyatoa nikiwa sipo. Mimi si daktari. Ya kitaalamu nimeyapata kwa madaktari wa mifugo na kwa kusoma. Mengine nimefundishwa na mbwa wangu wawili, Bosi na Tausi, ambao mpaka leo wameshakula kandambili tatu, nusu mche wa sabuni na daftari la hesabu la mtoto.

Samahani, hili naona aibu kuuliza. Kwa nini anakula mavi?

Wengi huliuliza baada ya kuangalia kama kuna mteja mwingine karibu. Usione aibu, ndilo linaloongoza.

Kwanza, mavi ya nani? Ya mbuzi, ng'ombe na kuku karibu kila mbwa anayala akiyapata. Yana mabaki ya nyasi na nafaka, na kwa pua yake hicho ni chakula. Mbuzi wa jirani wakipita getini kwetu jioni, Bosi huwafuata nyuma kama mtu anayeokota karanga zilizomwagika. Jike mwenye watoto naye hula kinyesi chao wiki za mwanzo. Ndivyo anavyosafisha banda, na ukimzuia unamsumbua bure.

Kinachowachefua watu ni pale anapokula cha mbwa mwenzake. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walitoa matokeo ya kuwahoji maelfu ya wafugaji, na mbwa wapatao 16 kati ya 100 walikuwa wameonekana wakifanya hivyo mara nyingi. Kilichonivutia mimi si idadi. Ni kwamba karibu wote walikula kinyesi kibichi, cha siku moja au mbili. Mayai ya minyoo yakitoka na kinyesi huchukua siku kadhaa kabla ya kuweza kuambukiza. Watafiti wakafikiri hivi: mbwa mwitu wa nchi za baridi, wale waliozaa mbwa wa nyumbani (sisemi hawa wetu wenye madoa wa Mikumi), akila kinyesi cha mgonjwa kilichoanguka karibu na pango, anakiondoa kabla minyoo haijakomaa. Huenda basi tunachokiita uchafu kilikuwa ndiyo kazi ya usafi ya babu zake.

Watafiti haohao waliuliza kuhusu bidhaa 11 zinazouzwa kuzuia tabia hii. Hakuna iliyofanikiwa kwa zaidi ya mbwa 2 kati ya 100. Mimi ni mfanyabiashara, ningependa kukuuzia kitu, lakini sina. Kuhusu pilipili: nilijaribu, Tausi alikula na pilipili yake. Kinachosaidia ni koleo. Zoa asubuhi, zoa jioni, na nepi za mtoto zisikae kwenye ndoo isiyo na mfuniko.

Akianza ghafla ukubwani, tena anakonda au anaharisha, hiyo si tabia tena. Mpeleke akapimwe kinyesi.

Anakula nyasi, kisha anatapika. Anajitibu?

Hivyo ndivyo tulivyoambiwa na wazee, na mara moja moja huenda ni kweli. Lakini mwaka 2008 watafiti wa chuo hichohicho walihoji wenye mbwa zaidi ya 1,500. Wengi walisema mbwa wao hula majani kila siku au kila wiki. Walioonekana kuumwa kabla ya kula walikuwa chini ya 1 kati ya 10, na waliotapika baadaye walikuwa kama 1 kati ya 5. Yaani wengi wanakula nyasi kwa sababu ni mbwa, basi. Angalia tu kama shamba hilo au ukingo huo wa barabara haujapuliziwa dawa ya magugu.

Mbwa wetu anakula ugali kuliko hata mlinzi. Si alipaswa kula nyama?

Ugali haujamharibu. Mwaka 2013 wanasayansi wa Sweden walilinganisha vinasaba vya mbwa na vya mbwa mwitu wa baridi, wakakuta mbwa ana nakala nyingi zaidi za jeni ile inayotengeneza kimeng'enya cha kuvunja wanga. Mwitu ana mbili. Mbwa anaweza kuwa nazo kuanzia 4 mpaka 30. Kuishi na watu wanaolima kumempa tumbo la mkulima.

Ila ugali mtupu haumtoshi. Dona na dagaa ndio mlo ninaouona ukifanya kazi vizuri hapa mtaani. Dagaa wa chumvi waloweke na kumwaga maji kwanza. Vichwa na miguu ya kuku, utumbo, mapupu, vyote vizuri vikichemshwa. Mtoto wa mbwa anayelishwa pumba na maji ya moto utamjua kwa mbali: tumbo kubwa, manyoya makavu, miguu ya mbele imepinda.

Sasa hapa nina ugomvi na watu. Mama anapepeta mahindi, anachambua yaliyooza na kuota ukungu, anayaweka pembeni: "Hayo ya mbwa." Ukungu ule unaweza kuwa na sumukuvu. Mwaka 2004 huko mashariki mwa Kenya, Makueni na Kitui, sumu hiyo kwenye mahindi iliua watu 125. Mwaka 2016 ikaua watu Dodoma na Manyara. Mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika nayo kirahisi sana, na kuipika haiiondoi. Anaacha kula, anatapika, weupe wa macho na fizi vinageuka njano, kinyesi kinakuwa cheusi kama lami. Hapo ini limekwisha kuumia. Mahindi usiyoweza kumlisha mwanao, usimlishe mbwa wala kuku.

Anachota tonge, anakwenda kulila kwenye mkeka. Chombo chake kina kasoro gani?

Pengine hakina. Kwenye kundi, mnyonge huchukua kipande akakila mbali ili asinyang'anywe, na hata anayeishi peke yake hilo limo damuni. Jaribu pia kubadilisha bakuli la bati: wengine hawapendi kelele ya shingo yenye mnyororo ikigonga chuma.

Anameza bila kutafuna. Sahani inaisha kabla sijafunga mlango.

Meno yake ni ya kukata na kuvunja, si ya kusaga kama yako. Kisha wengi walikulia kwenye sinia moja na ndugu sita, na aliyetafuna alilala njaa. Tandaza chakula kwenye sinia pana, au weka katikati ya bakuli jiwe laini, kubwa kuliko mdomo wake, alizungukie. Bosi sasa anatumia dakika tano. Zamani nilikuwa sijahesabu hata kumi.

Kwa mbwa wakubwa wenye kifua kirefu, mfano German Shepherd ambao watu wa Dar wanawapenda, hili si la kuchekea. Tumbo linaweza kujaa gesi na kujipinda. Utamwona anahangaika, anajaribu kutapika hakitoki kitu, ubavu umevimba, ukiupiga kwa kidole unalia kama ngoma. Hiyo ni ya kukimbiza kwa daktari saa hiyohiyo, hata kama ni saa nane usiku. Mgawie mlo mara mbili kwa siku badala ya mara moja, na usimkimbize akitoka kula.

Kala matapishi yake mwenyewe!

Biblia ilishasema: "Kama mbwa ayarudiavyo matapishi yake." Kwake ni chakula kilekile, sasa kina joto. Watoto wa mbwa wakikaribia kuacha ziwa, mama zao wengine huwacheulia chakula, na hawa mbwa mwitu wenye madoa wa kwetu huwalisha watoto wao hivyohivyo. Akitapika mara moja na bado ana furaha, tulia. Akitapika povu la njano kila alfajiri tumbo tupu, mpe kidogo kabla ya kulala.

Anafukia mifupa kwenye bustani, halafu anasahau.

Hasahau zote. Ni akiba, kama mbweha wanavyofanya, na huzidi anapopewa kuliko njaa yake. Punguza mfupa, bustani itapona.

La maana zaidi ni mfupa gani. Mfupa wa kuku uliopikwa hupasuka vipande vyenye ncha, na vipande hivyo huchoma koo au utumbo. Najua utaniambia mbwa wa babu yako alikula mifupa ya kuku miaka kumi na mbili. Wa babu yangu pia. Lakini hatukuwahesabu waliokufa. Tulisema tu "mbwa kafa" tukatafuta mwingine.

Anakula udongo, mkaa, anaramba ukuta. Ana upungufu wa madini?

Jibu la haraka la watu ni madini. Mimi huanza na fizi. Mwinue mdomo wa juu: fizi zinapaswa kuwa za rangi ya waridi. Zikiwa nyeupe kama karatasi, huyo hana damu, na kwa mbwa wa huku wa kwanza kushukiwa ni minyoo ya safura, wakifuatiwa na kupe na homa wanazoleta. Watoto wa mbwa hufa kwa safura huku watu wakiwanunulia chumvi ya madini. Dawa ya minyoo kila miezi mitatu kwa mkubwa. Kwa mtoto, mara nyingi zaidi. Kuna pia wanaotafuna kwa upweke tu: mbwa amefungwa mnyororo mchana kutwa, afanye nini? Kandambili zangu tatu ziliondoka mwezi ule niliokuwa simtembezi Bosi.

Sasa nisikilize vizuri. Mbwa ambaye hakuwa na tabia hii, akaanza ghafla kung'ata mawe, vijiti, mchanga, waya wa banda, tena sauti yake imebadilika, mate yanamtoka, taya limelegea, anashindwa kumeza hata maji: huyo mhesabu kuwa ana kichaa cha mbwa mpaka daktari aseme vingine. Kosa linalofanyika sana ni hili: mwenye mbwa anaona mdomo uko wazi na mate yanadondoka, anadhani kakwamwa na mfupa, anatia mkono kooni autoe. Usitie mkono. Mfungie alipo, wazuie watoto, ita afisa mifugo. Ukiwa umeng'atwa, au mate yake yamegusa jeraha, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo ukachomwe chanjo. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Chanjo ya mbwa ni ya kila mwaka. Tarehe 28 Septemba ndiyo Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Ikikaribia, ulizia ofisi ya mifugo ya kata yako.

Anapenda matunda. Ni sawa mbwa kula embe?

Ulimi wa mbwa unaonja utamu, tofauti na wa paka, kwa hiyo usishangae. Msimu wa embe Tausi halali bandani. Analala chini ya mwembe wa jirani, sikio moja limesimama, na dodo likidondoka usiku wa manane tunasikia *puu*, kisha miguu, kisha mlio wa kufyonza. Asubuhi anarudi na ndevu za nyuzinyuzi. Nyama ya embe haina neno. Tatizo ni kokwa: mbwa mkubwa anaweza kulimeza zima likaziba utumbo. Parachichi vivyo hivyo, la hatari zaidi ni kokwa lake. Tikitimaji, papai, ndizi, muwa kidogo, mpe.

Zabibu, hapana. Mbichi au kavu, za Dodoma au za dukani, zinaweza kuua figo za mbwa, na kiasi cha kudhuru hakitabiriki. Mmoja anakula kishada anapona, mwingine punje chache zinamlaza. Kwa miaka mingi sababu ilikuwa haieleweki. Hivi karibuni, mwaka 2022, madaktari wa Marekani waliandika kuhusu mbwa walioharibika figo baada ya kula ukwaju, na wengine unga wa tartari wa kuokea keki, na vidole vyote vikaelekea kwenye asidi ya tartariki, ambayo imo pia kwenye zabibu. Nalisema kwa wenzangu wa Pwani na Dodoma hasa: ukwaju ulioloweka wa juisi, na makapi yake, visiachwe chini.

Walioko Murang'a na Embu waongeze makadamia kwenye orodha. Mbwa akizila, miguu ya nyuma inalegea, anatetemeka, anatembea kama mlevi. Wengi hupona ndani ya siku mbili, ila usingoje uone.

Tumempa makombo ya pilau. Kuna shida?

Wali, hapana. Vitunguu, ndiyo. Kitunguu maji na kitunguu saumu, vibichi au vilivyokaangwa, huvunja chembe nyekundu za damu, na madhara huonekana siku chache baadaye, wakati umeshasahau hata pilau lenyewe. Kijiko kimoja cha rojo hakitamwangusha mbwa wa kilo thelathini. Sufuria zima la makombo ya harusi ni jambo jingine.

Chokoleti ina theobromini, kemikali ya kakao ambayo mwili wa mbwa huitoa polepole mno. Kadiri ilivyo nyeusi na chungu ndivyo ilivyo mbaya. Bigijii isiyo na sukari ndiyo ninayoiogopa zaidi kwa sababu watu hawaijui: nyingi zina zailitoli, sukari bandia inayoshusha sukari ya damu ya mbwa ndani ya nusu saa, na huweza kuharibu ini. Akila, usimpe maziwa, usimpe mafuta ya kula, usimtapishe kwa chumvi. Chukua pakiti yenyewe, mpigie daktari, mwambie uzito wa mbwa na saa aliyokula.

Kumbikumbi?

Mwache ale! Mvua za kwanza, taa ya barazani, beseni la maji chini yake, watoto upande huu na mbwa upande ule, kila mmoja anaokota wake. Akizidisha atatapika mabawa. Wasiwe tu wamepuliziwa dawa ya wadudu.

Chura ni hadithi nyingine: akimng'ata atatoa povu jingi, mwoshe mdomo kwa maji ukielekeza nje, si kooni. Na wale mbawakawa wanaoviringisha mavi wamebeba vijana wa mnyoo mmoja anayeota uvimbe kwenye umio la mbwa. Mjusi na kuku waliokula mbawakawa hao wanaweza kumpelekea vilevile, sababu nyingine ya kumchemshia utumbo wa kuku.

Buchani wananipa mapupu na maini mabovu bure kwa ajili ya mbwa. Nichukue?

Muulize mwenye bucha ubovu gani. Ukiona vifuko vya maji vyeupe kwenye pupu au ini la mbuzi, kondoo au ng'ombe, hivyo ni makao ya tegu mdogo sana ambaye hukamilisha maisha yake ndani ya mbwa. Mbwa haonyeshi kuumwa. Anatoa mayai kwenye kinyesi, yananata kwenye manyoya, mtoto anamkumbatia, na miaka baadaye binadamu anaota vifuko vilevile kwenye ini au mapafu. Turkana, kaskazini mwa Kenya, ilijulikana duniani kwa wingi wa ugonjwa huu, na upasuaji wake si mdogo. Viungo vya namna hiyo choma au fukia kina kirefu. Vizima, chemsha viive mpaka ndani. Kwa mbwa dawa ipo, inaitwa prazikwanteli, hakikisha imo kwenye kidonge unachonunua.

Hali chakula mpaka nikae naye.

Wapo. Mama yangu aliposafiri kwenda Tanga, Tausi alikaa siku mbili bila kugusa chakula, pua kaielekeza getini. Siku ya tatu njaa ilimshinda. Mbwa mkubwa mwenye afya akisusa siku moja mwache, ondoa sahani baada ya nusu saa, usikimbilie kumbembeleza na soseji, maana kesho atangoja soseji. Mtoto wa mbwa au mgonjwa usimngoje hivyo.

Amelamba sufuria letu la kupikia.

Wateja wangu Waislamu wanalijua la kuosha mara saba, mojawapo kwa udongo, na wengi ndiyo maana mbwa wao haingii hata uani kwa wapishi. Kwa yeyote: mbwa awe na chombo chake, kioshwe na sifongo yake. Basi.

Nikila ananikodolea macho mpaka nakosa raha. Nimpe?

Anakukodolea kwa sababu kuna siku ilifaulu. Kumpa mara moja moja ni kubaya kuliko kumpa kila siku: akiwa hajui ni lini, atajaribu kila siku. Nyumbani kwetu tulikubaliana wote, hakuna kumpa kitu mezani. Wiki tatu Bosi alikaa mlangoni na uso wa yatima. Wiki ya nne mama mkwe alikuja kutusalimia, akakaa mwezi mzima, na kila nikimuuliza alikuwa anasema hajampa kitu. Sasa Bosi hakai mlangoni tena. Anakaa chini ya meza, upande ule aliokuwa anakaa mama mkwe.